Picha ya Utomvu

Abasi, yule mpiga video za harusi wa Moshi mjini, alipanda hadi kwetu Masama na kamera yake begani akaniambia, "Dada Stella, wewe chora tu, jifanye sipo." Nijifanye mgeni hayupo, kwangu mwenyewe? Nikampa mtori wa ndizi kwanza. Akala huku akilalamika kwamba betri imebaki kidogo, na huku kwetu umeme haujafika.

Mkanda aliokuja kuupiga kuhusu uchoraji wangu ungepelekwa televisheni, Dar, na mimi karakana yangu ilikuwa inaniponyoka. Ni banda la zamani la kumenyea kahawa, mali ya mama mkwe wangu, Mektrida. Jumamosi iliyokuwa inakuja alitaka kuingiza ng'ombe humo. "Kuchora si kazi," alisema. "Ng'ombe anatoa maziwa."

Sasa, mimi rangi za dukani sina. Nachora kwa utomvu wa mgomba, ule ule unaoharibu nguo za watoto. Ukiwa mbichi hauonekani. Jua likiupiga ndipo unageuka kahawia. Nikakata mgomba, nikakinga utomvu kwenye bakuli, nikatundika shuka jeupe mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameketi uani akimenya ndizi. Nikamchora yeye, mkono unakwenda wenyewe kwa raha, Abasi ananizunguka na kamera.

Nilipomaliza, mama akaja kuchungulia. Shuka jeupe pe.

"Si nilisema?" akamwambia Abasi. "Asubuhi nzima, na hakuna kitu."

Hasira zilinipanda, nikazimeza. Wingu lilikuwa limetanda, kwa hiyo nikamwambia Abasi azime kamera tusubiri jua. Mama naye hakuondoka. Alitaka kuniona nikiumbuka.

Jua likatoka. Kwanza likajitokeza bega, kisha kisu, kisha ganda la ndizi. "Washa, washa," nikamwambia Abasi. Akawasha. Uso wa mama ukaja taratibu, hadi ule mdomo anaoubetua akiudhika, na hapo hapo kamera ikazimika. Betri imekwisha. Abasi alitaka kulia. Mimi jamani nilikuwa nimefurahi hata sikumjali, namtazama mama tu.

Alisogea, akaugusa ule mdomo kwenye shuka, kisha akagusa wa kwake.

"Kilemba hujakimaliza," akasema.

"Bado, mama."

"Na utakimalizia wapi, ng'ombe akiwa humu? Ng'ombe atatafutiwa pengine. Kakinge utomvu mwingine. Na wewe wa kamera, kesho uje na betri ya maana."