Sauti ya Saa Moja Asubuhi

Saa moja kamili asubuhi simu ya fundi cherehani ilikuwa ikilia, na kabla hajaishika mama yake alikuwa ameshauliza kutoka kitandani, "Mwanangu anasemaje leo?"

Huyo mwana ni kaka yake mkubwa, dereva wa kreni kwenye mji wa mbali, mtu ambaye hata kujikuna anatafuta nafasi. Kuandika hana muda, yeye ni kutuma sauti. "Pole, mdogo wangu. Najua umebeba mzigo peke yako. Kaza moyo, nakuja." Mama akishaisikia, anakunywa dawa. Asipoisikia anabana meno, na hapo hata umlilie, hafungui.

Walizaliwa wawili tu. Tangu siku mama alipotoka akaokotwa katikati ya barabara kuu, hajui kwake ni wapi, mlango ulifungwa mchana na usiku, na ufunguo fundi akauning'iniza shingoni. Ilifika mahali hajui nani amemfungia nani. Karakana ya sare za shule ilikuwa imemwekea nafasi ya kazi mpaka Jumatatu, isizidi hata siku moja. Alimwomba kaka aje wiki mbili tu, ili yeye aanze kazi huku akitafuta mtu wa kukaa na mama. Kaka akasema nakuja.

Alhamisi mama aliteleza bafuni akavunjika mguu. Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika. Ijumaa saa moja sauti ikaingia: "Mdogo wangu, pole na majukumu. Nimefurahi mno kusikia mama siku hizi anatembea vizuri."

"Anasema natembea," mama alitabasamu, mguu wote umefungwa plasta.

Fundi alipiga simu asubuhi yote mpaka ikapokelewa. Upepo ulikuwa ukivuma upande wa pili.

"Kaka, umesoma nilichokuandikia?"

"Bado, mdogo wangu, niko juu huku, hata chakula napandishiwa..."

"Mama amevunjika mguu."

Kaka akaangua kilio. Katikati ya kilio akasema yote: Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kuwa chini, basi hukaa akarekodi sauti saba, akaipanga simu izitume yenyewe, moja kila asubuhi. "Ningekuwa sikujali, si ningekaa kimya?"

Fundi alitaka kumtukana, akashindwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kaka alikuwa analia kweli. Ndugu wa namna hiyo unamchukia vipi?

"Ya Jumatatu umerekodi?"

"Hiyo nilitangulia kuirekodi."

"Inasemaje?"

"Inakutakia heri kazini."

"Na mama anabaki na nani?"

Huko chini mtu alipiga filimbi. Kulikuwa na mzigo unaning'inia. "Nitakupigia," kaka alisema, na simu ikakatika.

Hakupiga Jumamosi, wala Jumapili. Jumatatu fundi aliamka akavaa gauni lake la kutokea, asijue kwa nini, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama, kijiko cha dawa mkononi. Saa moja simu ikalia. Kaka alikuwa amesahau kuifuta.

"Hongera, mdogo wangu! Siku yako imefika. Toka, funga mlango, na usigeuke nyuma."

Aliizima haraka, lakini mama alikuwa ameshainua kichwa.

"Mwanangu anasemaje leo?"

Fundi alishika ufunguo kifuani.

"Anasema anakuja."

"Lini?"

"Kesho, mama," alisema, na mama akafungua mdomo.