Ripoti za Sambadi

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ile, msimamizi alibatizwa jina Sambadi. Madam, mwenye hoteli, hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na ripoti zote alizopelekewa na msimamizi huyo, kwa Kiingereza cha kuokoteza, zilianza hivyo hivyo: sambadi, yaani mtu fulani, amechana shuka, sambadi amepoteza taulo. Na Sambadi akiharibu yeye mwenyewe, ni sambadi vilevile, ila hapo anamkodolea mtu macho mbele ya Madam mpaka kosa limgande.

Mwezi uliopita alimkodolea Sindano, mpiga pasi mwembamba kuliko wote. Suti ya mgeni aliiunguza Sambadi, pasi mkono mmoja, simu mkono wa pili, anacheka. Wapiga pasi watatu waliona. Madam alipouliza nani kaona, nobadi, hakuna hata mmoja. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Sindano akatolewa kwenye meza ya pasi, akatupwa kwenye masinki kufua taulo kwa mkono mpaka vidole vikachubuka.

Hakulia. Alijiandikisha darasa la Kiingereza, kila Jumamosi.

Leo asubuhi Sambadi kamjia na kalamu. "Dada'angu, nasikia siku hizi ung'eng'e unakutoka mpaka puani! Madam anataka ripoti ya maandishi, ya mwezi mzima. Nisaidie. Ile suti we' weka sambadi tu, yaishe."

"Ondoa shaka, kaka. Nitamweka."

Akaandika mistari kumi na miwili. Shuka: msimamizi. Taulo: msimamizi. Suti: msimamizi, simu sikioni. Sambadi akaikagua kwa kupima urefu, akaridhika, akagonga mhuri na kutia sahihi kubwa kama ya waziri.

Madam akaisoma amesimama. Akamuuliza Sambadi kwa Kiingereza, haya yote ni kweli?

"Yes, Madam! Evrithing!"

Kufika saa nne Sambadi yuko kwenye masinki, suruali kaikunja, povu hadi viwikoni. Sindano akapita mbele yake polepole. Akarudi, akapita tena. Hakuwa na safari yoyote.

Kazi ya kuandika ripoti akakabidhiwa yeye. Wale wapiga pasi watatu wakamzunguka na kikombe cha chai.

"Mwenzetu, si unatujua? Sisi ndugu zako kabisa."

"Nawajua sana." Akapokea chai, akafungua ukurasa mpya. "Mlioiona suti ikiungua mkanyamaza. Nianze na jina la nani?"