Utepe wa Palomita

Donata alikuwa ameuza shamba la viazi la marehemu mumewe ili anunue mitamba wanne, na tangu hapo hakuwa na kingine cha kutegemea. Lori liliwavusha mlima kwa siku mbili, baridi ikiwapiga, wakashuka miguu ikitetemeka na pua zikivuja.

Nélida, daktari wa mifugo, aliwapima akasema hawana ugonjwa, wana uchovu na woga tu. Lakini mnyama mwenye woga mwili wake hauna askari, alisema. Homa yoyote ikibisha hodi inafunguliwa mlango. Wakae wiki mbili zizini, pakavu, penye utulivu, asiwashike mtu.

Wiki mbili! Na sikukuu ya Baba Shanti, mlinzi wa ng'ombe, ilikuwa keshokutwa. Siku hiyo kila mfugo bondeni hutobolewa sikio na kuvishwa utepe, ngoma na baragumu zikilia. Asiyevishwa ni yatima, hana wa kumlinda. Donata alijua alichoambiwa. Alijua pia kwamba mwaka ambao hawakumvisha fahali wao, radi ilimuua. Akakaa akashona tepe nyekundu, kwa mapenzi, maskini, kama anayemshonea mwanawe nguo ya ubatizo.

Wakaja majirani na ngoma, wakawarushia mitamba pombe na majani ya koka kuwabariki, wakawabana ukutani mmoja mmoja. Watatu walivishwa. Wa nne, Palomita, aliruka ua akatokomea korongoni, watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Siku ya tatu wale waliovishwa wakaanza kukohoa. Nélida alikuja na sindano zake, akaziona tepe, akawadunga hivyo hivyo. Maji yakishamwagika hayazoleki. Homa ya mapafu iliwamaliza wote watatu ndani ya juma moja. Palomita, aliyerudi mwenyewe kutoka korongoni, alikuwa anakula majani kwa raha zake.

Ndipo mama mkwe wa Donata, Vicenta, alipoingia zizini na sindano na utepe.

"Umemwacha huyu uchi," alisema. "Ndiyo maana Baba Shanti amewachukua wenzake."

"Mama, huyu ndiye mzima. Daktari alisema tusiwasumbue."

"Daktari wako kaokoa wangapi?"

Jibu lilikuwa sifuri.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu. Akifa huyu bila utepe, usije kulia kwangu."

Hapo ndipo Donata alipovunjika. Akili yake ilimwambia vizuri kabisa nani aliyewaua wale watatu. Lakini Palomita akifa bila utepe, bonde zima lingesema Donata kamuua, na yeye mwenyewe, anajijua, angeamini. Hofu haibishani na mtu. Inasubiri tu mpaka achoke.

"Nipe mimi," alisema. "Mkono wangu mwepesi."

Akamfunga kamba fupi. Palomita alirusha mateke, akakojoa kwa woga, akatoa macho. Majirani waliosikia wakaja na ngoma yao, na hakuna aliyewaita. Donata akatoboa sikio, akafunga utepe fundo zuri, akamfuta damu kwa upindo wa sketi yake.

Siku nne baadaye, asubuhi, alikuwa anachota maji alipomsikia Palomita akikohoa. Akaiweka ndoo chini. Hakwenda kumwita Nélida; angemwonyeshaje utepe ule?