Mfalme wa Uru

Hafiz alilaza karata zake zote wazi juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaegemea kiti. Kwenye bridge, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, kazi ya mwenzi wa aliyeahidi huishia hapo. Karata zake huchezwa na mwenzake, naye hatakiwi kumwelekeza. Mkono wake ulikuwa umevimba pale sindano za mashine ya kusafisha damu zinapoingia kila wiki kule Kisii.

"Mama Zaki, nimekuachia," alimwambia mkewe, Laila.

Laila alikuwa ameahidi kushinda mizunguko kumi kati ya kumi na mitatu. Tisa alikuwa na uhakika nayo. Wa kumi ungetoka kwa malkia wa uru aliyelala mbele ya Hafiz, na malkia huyo angepona tu kama mfalme yuko kushoto kwa Laila, kwa Abdi, mdogo wake Hafiz. Akiwa kwa Kinsi, mke wa Abdi, anayecheza baada ya malkia, wamekwisha.

Hakukimbilia. Alizivuta turufu zote kwanza, kisha akacheza pau na shupaza polepole, akitazama nani anatupa nini. Kinsi alimtania kwamba kesho wateja watalikuta duka limefungwa, yeye bado anawaza. Njia nyingine haikuwepo, kwa hiyo Laila alicheza kama mtu aliyemwona mfalme kwa Abdi kwa macho yake. Ndivyo alivyoishi tangu Abdi aende kupimwa kama figo yake itamfaa kaka yake. Ndugu wengine walishakataliwa. Majibu, Abdi alisema, bado.

Laila akatoa uru ndogo. Abdi naye akaweka ndogo. Laila akamtoa malkia kwenye karata za mumewe. Kinsi akatupa tisa, akaguna.

Mfalme alikuwa kwa Abdi.

Hafiz alicheka mpaka akakohoa. "Huyu tangu utotoni hawezi kunificha kitu."

Abdi akazilaza karata zake kifudifudi.

"Majibu yametoka tangu juzi, kaka. Figo yangu haikufai."

Mvua ilipiga mabati. Kinsi alimgeukia mumewe, kikombe mkononi. Hata yeye hakuwa ameambiwa. Laila alimtazama Hafiz, naye Hafiz alitazama meza.

"Cheza, Mama Zaki," alisema Hafiz. "Mizunguko iliyobaki ni yetu."

Zamu ilikuwa ya karata za Hafiz. Zilibaki tatu, zimelala wazi, kila mtu akiziona. Mkono wa Laila ukasimama juu ya karata hizo.