Meza ya Kuanzia Wawili

Mashine ya kuagizia chakula mlangoni mwa mkahawa ilirudi mwanzo tena. Tak Gwang-su alikuwa ameshagusa picha ya supu ya mifupa, ikamwuliza anakula hapa au anabeba, ikamwuliza kama ana kadi ya uanachama, na alipoinua miwani asome vizuri, ikachoka kumngoja na kufuta kila kitu. Nyuma yake watu wa maofisini walikuwa wakihema kwa makusudi. Alitafuta mtu wa kumwambia ampe supu. Hakumwona. Akawapisha.

Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana jioni kule kwao Haenam, kwa sababu hospitali ya Seoul ilitaka kumpima damu akiwa na njaa. Daktari alimwonya: akitoka tu, ale chakula cha maana, ndipo ameze dawa. Sukari yake haitaki mchezo. Sasa vidole vilikuwa vinatetemeka na jasho la baridi linamtoka, katikati ya mji unaonukia vyakula kila kona.

Mkahawa wa pili ulikuwa wa nyama ya kuchoma, kila meza na jiko lake la makaa. Bango la mlangoni lilijisifu kwamba wali wao ni wa mchele wa Haenam. Tak, ambaye amelima mpunga maisha yake yote, aliingia kifua mbele.

"Wangapi?" msimamizi akauliza.

"Mimi tu."

"Samahani, mzee. Mmoja hatumhudumii. Tunaanzia wawili."

Tak akasema atalipia sahani mbili, na ya pili ataila nani, hilo wamwachie mwenyewe. Msimamizi akamweleza kwamba mchana meza inahesabiwa kwa vichwa. Kwani hakuja na mwenzake?

"Mwenzangu nilimzika mwaka juzi."

Msimamizi akainama kwa adabu zote, kisha akamfungulia mlango wa kutokea.

Duka la jirani lilikuwa na wali wa baridi uliofungwa kwa karatasi. Mkulima wa mpunga ale wali baridi, amesimama kando ya barabara? Alijikokota hadi kwenye ngazi za jengo la ule mkahawa wa nyama, akaketi. Pale alikuwa ameketi mama mmoja mwenye aproni na glavu za mpira, kopo la chakula mapajani. Akamtazama mara moja tu, akatoa pipi mfukoni.

"Mumunya. Marehemu mume wangu sukari ilikuwa ikimshika hivyo hivyo."

Aliitwa Bi Pyo. Pipi ilipoanza kumrudishia macho, Tak akamwuliza kwa nini anakula kwenye baridi, na ndani kumejaa majiko. Bi Pyo akacheka kwa pua. Vyoo vya ule mkahawa anaviosha yeye, miaka nenda rudi, ila kuketi hajawahi. Mmoja hahudumiwi, na yeye kila siku ni mmoja.

Tak akainuka, akishika ukuta.

"Mama, funga kopo lako. Leo nakulisha mimi."

Bi Pyo alimpima kwa macho, akafunga kopo. Hakuvua aproni.

Msimamizi aliwaona wakiingia, akakunja uso.

"Bi Pyo, choo kimeziba tena?"

"Choo kizima," akajibu, akavuta kiti katikati ya ukumbi. "Tuko wawili. Lete makaa."

"Na wali," akasema Tak. "Ule wa kwetu."