Pole ya Dada Pasi

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na yeye aliuza dawa. Majirani walisema nyumba ile haina shida: nguo ikichanika inashonwa, kichwa kikiuma kinapozwa. Aliipenda sifa hiyo. Alichoshangaa ni kwamba tangu waoane mumewe hakuwahi kuumwa.

"Habari za kazi?" humuuliza jioni.

"Salama."

"Mgongo?"

"Hauna neno."

Akajiona ameolewa na mwanamume wa chuma.

Siku moja umeme ulikatika, akafunga duka la dawa mapema na kumpitia mumewe karakanani ili warudi pamoja. Mlangoni aliinama kutoa kokoto kwenye kiatu, na hapo akasikia sauti ya mumewe kama ambavyo hajawahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa inalalamika, tena kwa raha zake.

"Hiki kidole, sindano imenichoma palepale pa jana."

"Pooole, fundi," ikajibu sauti ya kike, ndefu kama uzi unaokunjuka.

"Na shingo. Nikigeuka kushoto inalia ka! ka!"

"Wee! Pooole."

"Halafu yule bwana wa suti. Anataka suruali imbane, na papo hapo anataka apumue."

"Pole jamani. Mwambie achague moja!"

Wakacheka wote wawili. Mwanamke huyo alikuwa mpiga pasi wa pale, aliyezoeleka kwa jina la Dada Pasi. Alipoinua macho akamwona mgeni mlangoni.

"Karibu, wifi! Njoo ukae, wifi yangu."

Wifi! Neno hilo na wivu yanakaribiana mno mdomoni, na siku hiyo yalimjia yote mawili kwa pamoja. Angewakuta wameshikana mikono angejua la kusema. Lakini hili angelishtaki vipi? Umempa mwanamke mwingine shingo yako?

Walipofika nyumbani akauliza, "Shingo inaendeleaje?"

Mumewe akasita, funguo mkononi. "Shingo gani?"

"Ile inayolia ka! ka!"

Akatoa mkobani dawa ya kuchua na vidonge. "Jipake hii. Hivi meza ukishakula. Na kile kiti chako ni kifupi mno, shingo itaachaje kuuma? Na kidole, mbona huvai kile kikofia cha kushonea?"

"Unaona sasa?"

"Naona nini?"

"Ndiyo maana." Mumewe akaketi. "Nikimwambia Dada Pasi naumwa, ananipa pole. Nikikuambia wewe, unanipa dozi na kosa langu."

"Kwa hiyo yeye anakuonea huruma, mimi nakutibu tu."

"Sijasema hivyo."

"Basi pole yako!"

Ilitoka vibaya. Ni neno lilelile, lakini likiongezewa "yako" linakuwa kofi. Mumewe akanyanyuka, akachukua taulo na kwenda kuoga.

Mkewe alibaki amekaa na vidonge mkononi. Kutwa nzima watu humwekea maumivu yao mezani, naye huyajibu haraka kwa sababu nyuma yao kuna wengine wanaosubiri. Hakukumbuka mara ya mwisho kumwambia mtu pole. Lakini kujua hivyo hakukumtuliza, kulimchoma zaidi. Haya yalikuwa maumivu madogo tu, ya kidole na ya shingo. Je, siku mumewe akipatwa na jambo zito, la kumkosesha usingizi, atalipeleka wapi kwanza? Atalileta hapa kitandani, au litaishia kule kwenye meza ya pasi?

Mumewe alirudi akinukia sabuni.

"Mimi pia naumwa," mkewe akamwambia.

"Wapi?"

"Kisigino. Nasimama kutwa." Akavua kiatu. "Na wivu."

"Wa Dada Pasi?"

"Usicheke."

"Sicheki," alisema mumewe, huku anacheka. Kisha akaketi sakafuni, akakipakata kile kisigino na kukibonyeza taratibu kwa kidole gumba. Hakusema abadilishe viatu. Hakuuliza kwa nini haketi.

"Pooole, mke wangu."

Neno likamwingia mpaka mabega yakashuka. Kumbe ndivyo linavyokuwa! Na papo hapo wivu ukampanda upya: kumbe mwenzake alikuwa akifaidi haya kila siku, kwa mtu wa nje!

"Haya, zamu yako," akasema. "Shingo."

"Inauma."

Ulimi ulimruka kwenda kwenye kile kiti kifupi. Akaung'ata.

"Pole."

"Mbona umeikata? Fupi mno."

"Usinilinganishe na mtu!"

"Basi, basi."

"Poole."

"Hapo unakaribia."

Akampiga kwa khanga begani. "Kingine nini?"

Mumewe akatazama dari, akatafuta, kisha ile sauti ya karakanani ikaja, sauti ya kulalamika kwa raha. "Mlango wa bafuni. Kitasa kinanikwaruza kiwiko kila asubuhi, tangu tuhamie."

Tangu tuhamie! Alitaka kuuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakumwita seremala, na dawa ya michubuko si ipo hapo kabatini? Badala yake akakivuta kile kiwiko kwenye mwanga, akaiona alama nyembamba ya zamani, akaifunika kwa kiganja.

"Hili ulishamwambia?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Bado."

"Usimwambie," akasema. "Hili ni langu."