Lori la Maji la Mghoi

Jana mchana usingizi ulinichukua mezani, kipaza sauti kikiwa puani, na niliyoyaota ni haya.

Niko pale pale redioni. Saa kumi kamili nitasoma hewani wasifu wa wanawake wawili wanaowania useneta wa kaunti yetu, Wakesho Kalaghe na Mghoi Mwandawiro. Nimeuandika mwenyewe. Wote wawili nimewaandikia kwamba walijilipia karo kwa kuuza mandazi, maana wasikilizaji wetu wanapenda mama wa mandazi. Kusema kweli, kila mama niliyewahi kumwandikia aliuza mandazi.

Mlango unagongwa. Linaingia karai, jeusi tititi, limevaa beji ya mgeni.

"Sheria ya hapa inasema wasifu hausomwi mpaka mhusika awepo," linasema. "Mimi ndimi wasifu wa Wakesho. Nikae wapi?"

Nikalipatia kiti. Mgeni ni mgeni.

"Lile kovu la mkono wake wa kulia ni langu," likaendelea. "Miaka sita alinishika kila asubuhi. Sasa niambie, Mkawasi, Mghoi alinishika lini?"

Nikasema labda alikuwa na karai lingine. Likacheka mpaka likamwaga mafuta.

"Sisi makarai tunajuana wote, mwanangu."

Mara studio ikawa uwanja wa mpira. Sikuuliza. Watu wamejaa mpaka juu ya ukuta, vuvuzela zinalia, moyo wangu unaruka kwa furaha kama ni mimi ninayegombea. Wakesho amesimama juu ya karai lake. Mghoi yuko katikati ya uwanja, mikono mitupu.

"Mwizi!" wafuasi wa Wakesho wanapiga kelele. "Kaiba maisha ya mwenzake!"

Mghoi ananitazama mimi tu. "Mdogo wangu, mbona umenifanyia hivi? Siku ile uliponihoji nilikwambia nini?"

Lahaula! Aliniambia aliendesha lori la maji miaka tisa. Nami nikaona mwanamke na lori, watu watasemaje? Nikalifuta.

Honi inalia. Lango linafunguka lenyewe na lori la manjano linaingia, limekasirika, linachechemea.

"Nimekuja kwa magurudumu matatu," linaniambia. "Ulipoifuta sentensi yangu, nati za gurudumu langu la nne zilikuwa humo. Imebaki hii moja. Ishike."

"Niifanye nini?"

"Unirudishe kabla ya saa kumi. Na usinitie chumvi. Nilikuwa lori la kawaida."

Mghoi anajifunga leso kiunoni, anapanda, anawasha. Linawaka mara moja! Uwanja mzima unarukaruka, nami naruka, karai nalo linaruka na Wakesho juu yake. Wakesho ndiye anayepiga vigelegele kuliko wote.

"Mwacheni apite!" anawafokea wafuasi wake. "Bila maji yake, unga ningekandia nini?"

"Mkawasi! Dakika moja!"

Huyo alikuwa Righa, fundi mitambo wetu, anagonga kioo. Nikafuta mate. Wagombea walikuwa wameshaketi mbele yangu, kila mmoja akitazama upande wake, hawajasalimiana. Karatasi zangu zilikuwa kavu, hazina hata tone la mafuta. Nikashusha pumzi.

Nikafungua mkono nichukue kalamu. Nati ikaanguka mezani, ina grisi.

Sikungoja kuelezwa. Nikakata mandazi yote ya Mghoi.

"Unafuta nini saa hizi?" Righa akauliza.

"Uongo wangu," nikamwambia. "Washa."

Nikasoma wa Wakesho kwanza, na mandazi yake, na karai. Kisha nikasoma wa Mghoi: "Kwa miaka tisa aliendesha lori la maji." Basi. Sikutia chumvi.

Wakesho akageuka taratibu, akamtazama mpinzani wake kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Lile la manjano?" akauliza.

"La manjano," akajibu Mghoi.

"Ala! Kumbe ni wewe!" Wakesho akapiga meza kwa ule mkono wa kovu. "Jamani, mandazi yangu yote niliyakanda kwa maji ya huyu!"